Kabla Mzigo Haujashushwa Mbande



Sokoni Kibaigwa mnunuzi wa mahindi hatoi fedha kabla ya kutia mkono guniani na kuzitazama punje. Duka la mtandaoni halina gunia: fedha hutangulia kwa simu, mzigo hufuata kwa basi. Ndiyo maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji ataje jina na anwani yake, na atimize oda ndani ya siku 30, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo.

Ugomvi mara nyingi huzuka juu ya nauli. Viatu vikishushwa Mbande vikiwa namba 38 badala ya 41, nani atalipia kuvirudisha Kariakoo? Muulizeni muuzaji kabla hamjalipa, tena kwa maandishi. Walio wema hujibu, nao si wachache. Anayesema “tuma kwanza, tutaongea” amekwisha kujibu.

Fungueni mzigo mbele ya wakala wa basi na kuupiga picha kabla ya kutia saini. Tunajua bodaboda anawaharakisha na jua ni kali, mwacheni asubiri. Tunzeni ujumbe wa malipo na stakabadhi ya basi. Mlalamikaji asiye navyo hutukuta nasi hatuna pa kuanzia.