Ukiagiza Gari Kisha Ukabadili Nia



Mada niliyopewa leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Katika semina zetu za Haki na Amani hapa Tarime na Serengeti tumezoea kuzungumzia wizi wa mifugo, mipaka ya mashamba, ugomvi wa koo na mateso ya wasichana wetu. Leo ninaombwa nizungumzie mtu aliyeagiza gari, akalipa arubuni, kisha akabadili nia. Mtu anaweza kuuliza: hilo nalo ni jambo la Kanisa? Ninajibu kwamba ni jambo la Kanisa, kwa sababu amani haivunjwi kwa mapanga na mishale peke yake. Huvunjwa pia kimya kimya, mtu anapomwachia jirani yake hasara ambayo yeye ndiye aliyeisababisha, kisha Jumapili wakakaa benchi moja bila kusalimiana. Hayo siyasemi kwa kusikia. Yamenipata.

1. Kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilitaka gari la kubebea abiria kati ya Tarime na Sirari. Nilimwendea wakala mmoja, muumini mwenzangu wa parokia hii. Tukakubaliana bei, nikalipa sehemu yake, tukapeana mikono. Hatukuandika chochote isipokuwa stakabadhi ya fedha niliyotoa. Gari likaagizwa Japani. Baada ya wiki tatu nikaliona gari jingine Musoma, linafanana na lile langu, na bei yake ni nafuu. Nikalinunua. Yule wakala sikumwambia neno. Alipopiga simu sikupokea, na alipozidi kupiga niliizima.

Katika nafsi yangu nilijitetea. Nilisema, "Mimi ni mnunuzi, na mnunuzi ana uhuru wake. Nimeacha arubuni yangu mikononi mwake. Anataka nini zaidi?" Sikujua, au tuseme sikutaka kujua, kwamba arubuni yangu ilikuwa theluthi tu ya fedha zilizokwenda Japani. Theluthi mbili alizikopa katika chama chao cha kuweka na kukopa, akaweka rehani shamba lake la kahawa. Kila mwezi gari lile lilipokaa bila mnunuzi, riba ilikuwa inahesabiwa.

Jumapili moja, wakati wa kutakiana amani, mke wake alikuwa nyuma yangu. Nilimpa mkono. Aliupokea, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Amani, Baba. Lakini watoto wamerudishwa shule." Siku ile sikwenda kukomunika. Nilikumbuka mafundisho ya Bwana kwamba mtu akiwa mbele ya altare, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake hapo, aende kwanza kupatana.

2. Kuagiza ni kumfunga mwingine

Ndugu zangu, mtu akinunua kitu kilichopo dukani, hutoa fedha na kupokea kitu, jambo limekwisha. Kuagiza ni tofauti. Anayeagiza husema, "Wewe tangulia, nami nitakufuata." Kwa neno hilo mwenzako anaanza kutembea. Anatuma fedha ng'ambo. Gari linapandishwa melini, linateremshwa bandarini Dar es Salaam, linalipiwa kodi, kisha linaendeshwa kupitia Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza mpaka huku kwetu. Katika kila hatua kuna fedha iliyotoka mfukoni mwa mtu, na ametoa kwa kutegemea neno lako.

Mambo ni yale yale kwa fundi seremala uliyemwagiza kitanda akanunua mbao, kwa fundi cherehani aliyekwisha kukata kitambaa, na kwa mama uliyemwagiza chakula cha arusi akachinja mbuzi. Tena huyu mdogo huumia zaidi. Kampuni kubwa ya magari ikikataliwa gari moja italiuza kwa mwingine wiki ijayo. Seremala ukimkataa, kitanda kitakaa kibandani mwake mpaka mchwa wakijue. Kwa hiyo uzito wa kujiondoa haupimwi kwa bei ya kitu peke yake. Hupimwa kwa jeraha analobaki nalo mwenzako.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla hatujaona gari. Kwa desturi ya Wakurya, ng'ombe wa mahari walitolewa mbele ya mashahidi, na ndoa ilipovunjika, habari ya ng'ombe kurudi ilizungumzwa na wazee wa pande zote mbili. Mimi sisemi kwamba binti ni bidhaa; hasha! Ninasema kwamba wazee hawakumruhusu mtu kujiondoa gizani. Aliyejiondoa alisimama mbele ya watu, akahesabiwa.

3. Je, kujiondoa ni dhambi daima?

Hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alifundisha kwamba asiyetimiza ahadi yake anaweza kusamehewa katika hali mbili: kama alichoahidi ni kiovu, au kama hali ya watu na mambo imebadilika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, nayo inafundisha kwamba ahadi zitimizwe na mikataba ishikwe kwa uaminifu, kadiri yale yaliyokubaliwa yalivyo ya haki.

Tuanze na ahadi ya uovu. Baba akipokea ng'ombe kwa ahadi ya kumkeketa binti yake na kumwoza angali mtoto, ahadi hiyo haimfungi hata kidogo. Arudishe ng'ombe, avunje ahadi, amlinde mtoto. Sheria ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hapo anayetenda dhambi ni yule anayelishika neno lake.

Sasa tuje kwenye hali iliyobadilika. Mtu ameagiza gari, mke wake akaugua, fedha yote ikaenda hospitali. Au mvua imekataa na mazao yamekufa. Au gari limefika, si lile mlilokubaliana. Huyu wa mwisho hajavunja neno. Aliyelivunja ni muuzaji. Wale wawili wa kwanza wana sababu ya kweli, na ndugu mwenye huruma atawasikiliza. Lakini kuona bei nafuu mahali pengine, kama nilivyoona mimi Musoma, siyo mabadiliko ya hali. Ni tamaa iliyovaa koti la busara. Kama bei ingalipanda, je, ningalikubali wakala auze gari langu kwa mwingine kwa faida? Ningalimshitaki siku ile ile.

4. Sheria ya nchi inasema nini?

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mwendo wa kawaida wa mambo. Hasara ya mbali isiyohusika haidaiwi. Kifungu cha 74 kinaendelea: hata kama mkataba umetaja kiasi atakacholipa anayeuvunja, mahakama itatoa fidia inayofaa tu, isiyozidi kiasi hicho.

Oneni jinsi maneno hayo yanavyokata pande mbili. Kwa mnunuzi yanasema: kuacha arubuni siyo lazima kuwe mwisho wa deni lako, kama hasara ni kubwa kuliko arubuni, bado unadaiwa. Na kwa muuzaji yanasema: usifanye kujiondoa kwa mwenzako kuwa mavuno yako. Wapo wauzaji wanaofurahi mteja akishindwa, kwa sababu gari wameliuza kwa bei ile ile na arubuni wameimeza. Huo nao ni unyang'anyi. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha juu ya mshahara kwamba kukubaliana peke yake hakutoshi kufanya jambo liwe la haki, kama mmoja amekubali kwa kusukumwa na shida. Fundisho hilo linafaa kukumbukwa na kila anayempa maskini karatasi atie sahihi bila kumsomea.

5. Hesabu ya kodi

Wengi hujiondoa kwa sababu bei waliyoambiwa siyo bei ya mwisho. Sikilizeni hesabu hii. Tuseme gari dogo, pamoja na nauli ya meli na bima, limefika bandarini kwa shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Jumla 12,500,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, hutozwa juu ya jumla hiyo, yaani 2,250,000 nyingine. Tumefika 14,750,000, na bado hatujagusa ushuru wa bidhaa, nyongeza ya gari lililochakaa kwa miaka, gharama za bandari, usajili, wala mafuta ya kulileta Tarime au Mugumu. Tena Mamlaka ya Mapato ina thamani yake yenyewe ya magari yaliyotumika, na haifungwi na bei iliyoandikwa kwenye ankara yako.

Wakala anayetaja ile milioni kumi na kunyamaza juu ya mengine amekwisha kutenda kosa kabla mteja hajatenda lake. Na mteja asiyeuliza, naye amesahau mfano wa Bwana wa yule aliyetaka kujenga mnara: aliye na akili huketi kwanza akahesabu. Kuuliza si ujinga. Kikokotoo cha kodi za magari kipo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kumsaidia mzee wake kukisoma.

6. Namna ya kujiondoa kwa haki

Kama imekubidi kujiondoa, fanya mambo manne.

Kwanza, nenda mapema. Siku moja ya kuchelewa ni riba ya siku moja juu ya mwenzako. Kitabu cha Methali kinamshauri mtu aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake asilale usingizi, bali aende ajinyenyekeze na kumsihi jirani yake. Pili, nenda mwenyewe, usitume mtoto wala ujumbe wa simu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Tatu, sema ukweli wa sababu yako. Usimzulie mgonjwa nyumba isiyo na mgonjwa. Nne, kaeni na mashahidi wawili, mhesabu hasara halisi, uilipe. Naye muuzaji akurudishie kinachobaki. Kama huna fedha, andikianeni namna ya kulipa kidogo kidogo, au mtafutie mnunuzi mwingine.

Nami ndivyo nilivyofanya, ingawa nilichelewa. Nilikwenda kwa yule wakala jioni, pamoja na wazee wawili wa jumuiya. Alitandaza stakabadhi zake mezani. Gari alikuwa amelipata mnunuzi, kwa bei ya chini kuliko tuliyokubaliana. Tulijumlisha upungufu huo na riba ya mkopo: ikazidi arubuni yangu. Niliuza ng'ombe wanne kufidia kilichozidi. Mzee mmoja alimshauri adai na fidia ya aibu. Akakataa, akasema, "Nilichopoteza kimerudi. Zaidi ya hapo ni cha nani?" Neno hilo limenifundisha kuliko semina nyingi.

Urafiki wetu haujawa kama zamani, siwezi kuwadanganya. Lakini tunasalimiana, na shamba lake la kahawa bado ni lake.

Ndugu zangu, ahadi ni deni, nasi sote tunalijua neno hili tangu utotoni. Ninachowaomba mwende nacho nyumbani ni hiki: anayejiondoa katika ahadi halali anaweza kuwa na sababu njema, lakini gharama ya sababu yake ni mzigo wake mwenyewe. Asiuweke kichwani mwa mwenzake, hasa akiwa mnyonge kuliko yeye, kisha akaenda zake akijiita mtu huru.

 

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu kuna fundi, mshonaji au mfanyabiashara aliyeachiwa kazi aliyoagizwa? Tufanye nini ili apate haki yake bila ugomvi?

2. Muuzaji ana haki ya kubaki na kiasi gani cha arubuni? Toeni mifano ya hapa kwetu.

3. Ni ahadi zipi katika familia zetu ambazo hazipaswi kutimizwa kwa sababu ni za uovu? Nani atamsaidia anayezivunja?

4. Tunaweza vipi kuwasaidia wasiojua kusoma kabla hawajatia dole gumba kwenye mkataba?