Kufufua Pikipiki, Kujenga Ujirani

Maneno yaliyosemwa Kamina, Haut-Lomami, mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wa mitaa



Tunawasalimu ninyi mliozaliwa hapa Kamina, na ninyi mliofikishwa hapa na vita. Tumeombwa kusema juu ya amani, nasi tumechagua kusema juu ya pikipiki. Wengine watashangaa. Lakini sisi tunaofanya kazi ya spana uani mwa nyumba zetu, wenyeji pamoja na waliohama, tumeona kwamba amani huvunjika kwa mambo madogo, na kwa mambo madogo hujengwa tena.

Mji wetu umekua kwa sababu ya njia. Reli kutoka Bukama hadi Ilebo ilikamilika mwaka 1928, na hapa Kamina njia inagawanyika: moja inaelekea Kasai, nyingine Kabalo hadi Kalemie. Lakini treni ni chache. Mtu wa Kabongo, Kaniama au Malemba-Nkulu akitaka kufika kwa wakati, anapanda pikipiki. Pikipiki inaleta samaki wakavu wa Upemba, magunia ya mahindi, dawa za kituo cha afya, na mama mwenye uchungu wa uzazi usiku. Kwa hiyo pikipiki moja ikisimama, si mtu mmoja tu anayelala njaa.

Hata hivyo, nyuma ya nyumba nyingi utaona pikipiki imeegemezwa ukutani, kuku wamelala juu ya kiti chake. Mwenyewe anasema, "Imekufa." Sisi tunasema kwamba nyingi hazijafa. Zimechoka, na zimekosa mtu wa kuziangalia kwa utaratibu.

Ujue mashine uliyo nayo

Pikipiki nyingi za Kichina za 125 zina injini ya silinda moja inayopozwa na upepo. Umbo lake linafuata Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Wajapani waliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba sana na kuhudumiwa kidogo. Valvu zake husukumwa na vijiti vya chuma, si na mnyororo mdogo wa ndani, na hivyo kuzirekebisha ni rahisi. Viwanda vya Uchina, hasa vya mji wa Chongqing, vilichukua umbo hilo. Ndiyo sababu mara nyingi kipande cha pikipiki ya jina moja hukaa katika pikipiki ya jina lingine. Lakini usinunue kwa kukisia. Peleka kipande cha zamani sokoni ukilinganishe, maana pistoni ya 125 si pistoni ya 150.

Vijana, msione haya kwa kazi hii. Zuo Zongshen, ambaye jina lake limeandikwa kwenye pikipiki nyingi, alikuwa fundi wa kutengeneza pikipiki huko Chongqing katika miaka ya 1980, kabla ya kuanzisha kiwanda chake. Hatuwaahidi viwanda. Tunasema tu kwamba mikono yenye mafuta ni mikono ya heshima.

Utaratibu wa kazi nyumbani

Kwanza, osha pikipiki kabla ya kufungua kitu chochote. Mchanga ukiingia ndani ya injini utakula chuma. Tandika kitambaa safi, panga skrubu katika mikebe kwa mfuatano wa kuzifungua, weka watoto na mbabula mbali na esanse.

Pili, uliza injini maswali matatu. Je, kuna cheche? Je, esanse inafika? Je, kuna mgandamizo?

Kwa cheche, toa buji, ambayo majirani zetu wa Tanzania huiita plagi. Irudishe katika kofia yake, igusishe na chuma cha injini mbali na tundu lake, kisha piga kiki. Pengo lake liwe kati ya 0.6 na 0.7 mm. Usipokuwa na kipimo, wembe wa msumeno wa chuma una unene unaokaribia huo.

Kwa esanse, fungua kikombe cha chini cha kabureta. Esanse ya chupa za barabarani, ya wale wanaoitwa kadafi katika miji mingi ya Kongo, mara nyingine huwa na maji, na maji hukaa chini. Vitundu vya kabureta vipulizwe kwa upepo wa pampu. Usivichokoe kwa waya, maana kitundu kikipanuka injini itakunywa esanse bila kipimo na kutoa moshi mweusi. Safisha pia filta ya hewa. Ikiwa ni ya sponji, ioshe kwa sabuni, ianike, itie mafuta kidogo, uikamue.

Kwa mgandamizo, ikiwa kiki inashuka bila upinzani, usikimbilie kununua pistoni. Angalia nafasi ya valvu kwanza, injini ikiwa baridi. Katika injini za aina hii ni karibu 0.08 mm. Wembe mwembamba wa kunyolea, ambao una karibu 0.1 mm, si kipimo kamili, lakini ni bora kuliko kukisia: ukipita kwa ulaini, nafasi imezidi. Moshi wa bluu ndio unaotuambia kwamba injini inaunguza mafuta yake, na hapo ringi za pistoni au mipira ya valvu inaweza kuwa imekwisha.

Tatu, badilisha mafuta ya injini. Ni karibu lita moja tu. Injini nyingi za aina hii hazina filta ya karatasi kama ya gari, kwa hiyo uchafu hubaki ndani ya mafuta yenyewe. Kwa vumbi letu, tunashauri kuyabadilisha kila kilomita 1,000 hadi 1,500.

Nne, usirudishe pikipiki barabarani kabla ya breki. Mnyororo ulegee sentimita 2 au 3, usikazwe kama kamba ya ngoma. Pikipiki inayokimbia bila kusimama ni msiba unaongoja siku yake.

Kuna kazi zisizofaa kufanywa nyumbani. Beringi za shimoni kuu la injini zinahitaji mashine ya kukandamiza. Na msichomelee tangi la esanse, hata likiwa tupu. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Ugomvi wa pistoni moja

Sasa tunafika kwenye jambo lililotuleta hapa. Pikipiki imetengenezwa, baada ya siku tatu inasimama tena. Mwenye pikipiki anasema, "Pistoni yangu ilikuwa nzima, fundi ameiuza akaniwekea mbovu." Fundi anasema, "Niliikuta hivyo." Siku ya kwanza huu ni ugomvi wa watu wawili. Siku ya pili neno si "fundi fulani" tena. Wengine wanasema "hawa waliokuja", na wengine wanajibu "hawa wenyeji". Siku ya tatu kijana aliyekimbia na nguo moja tu anaitwa mwizi wa pikipiki, na vijana wenzake wanakusanyika. Hapo si pistoni tena inayogombaniwa.

Kwa hiyo tumejiwekea kanuni tano, nasi tunaomba kila ua wenye fundi uzifuate.

1. Pikipiki isipokelewe bila kuona karatasi zake. Jina la mwenyewe na namba ya chasisi viandikwe katika daftari. Ikiwa hakuna karatasi, shefu wa mtaa ajulishwe kwanza.

2. Bei isemwe kabla ya kufungua, na bei ya vipande itengwe na malipo ya kazi.

3. Kila kipande kilichotolewa kitiwe katika mfuko, apewe mwenye pikipiki, hata kama kimevunjika.

4. Ubovu mwingine ukionekana, kazi isimame mpaka mwenyewe aitwe aone kwa macho yake.

5. Ugomvi ukitokea, wakae wazee wawili, mmoja mwenyeji na mmoja wa waliohama, mbele ya pikipiki yenyewe, na fundi wa tatu asiye na upande aifungue.

Daftari na mfuko wa vipande ni vitu vya bei ndogo. Lakini vinamlinda kijana asiye na jamaa wa kumtetea, na vinamlinda mwenyeji aliyeuza mbuzi zake kununua pikipiki ile.

Jimbo letu la zamani la Katanga limejifunza kwa uchungu. Mwaka 1992 na 1993, ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walingoja treni stesheni katika taabu kubwa, na njia ya kwenda Kasai inapita hapa Kamina. Miongoni mwao walikuwamo mafundi wengi wa Gécamines na wa reli. Aliyemfukuza jirani alifukuza pia ujuzi uliokuwa mikononi mwake. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo ni ya kweli hata katika kazi ya injini.

Tunachowaomba

Viongozi, ruhusuni vijana waliohama wafanye kazi uani bila kutozwa pesa zisizo na karatasi. Ninyi wenye spana, kila mmoja awafundishe wawili kwa pamoja, mmoja mwenyeji na mmoja aliyehama, washike injini ileile. Mabinti nao wakaribishwe, maana kurekebisha valvu kunataka utulivu kuliko nguvu. Nanyi vijana, mkitengeneza vizuri mtajulikana kwa kazi yenu, si kwa kijiji mlichotoka.

Huko Lubumbashi dereva wa pikipiki huitwa manseba, na kwa Kiluba manseba ni mjomba. Yaani mtu usiyemjua, unapanda nyuma yake, na unamwita ndugu ya mama yako. Tukiweza kumwita hivyo anayetubeba, tuweze pia kumtendea hivyo anayetutengenezea, na yeye atutendee kama watoto wa dada yake.

Amani iwe katika nyua zenu.