Swichi ya Gigabiti Nayo Ijaribiwe Kaunta

Mteja anayenunua balbu Kariakoo hakabidhiwi mpaka iwake. Pembeni mwa kaunta pana holda iliyochomekwa kwenye umeme. Muuzaji anaipachika balbu, inawaka, anaichomoa, anairudisha kwenye boksi lake, ndipo pesa inapokelewa. Pasi inachomekwa mpaka ipate moto. Redio inatafutiwa stesheni. Desturi hii ina sababu: risiti nyingi za pale zimeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na mnunuzi aliyetoka Songea hana nauli ya kurudi kubishana.

Mtu huyohuyo akiingia duka la vifaa vya kompyuta kununua swichi, kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa kebo, yenye matundu manane na iliyoandikwa kuwa ni ya gigabiti, anaonyeshwa taa zikiwaka, na biashara imeisha. Taa hizo, msikilizaji, zinasema umeme upo na kwamba upande wa pili kuna kitu kimeunganishwa. Kiasi kinachopita humo hazikisemi.

Gigabiti moja ni biti bilioni moja kwa sekunde, yaani megabaiti 125. Kanuni ya kupitisha kasi hiyo kwenye kebo ya kawaida ya shaba ilipitishwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1999, nayo inataka nyaya zote nane zifanye kazi. Kasi ya zamani, megabiti 100, ilitosheka na nyaya nne. Kwa hiyo mmoja wa zile nne za nyongeza ukikatika, au kichwa cha mwisho wa kebo, kile cha RJ45, kikibanwa ovyo, mara nyingi vifaa vinashuka vyenyewe hadi megabiti 100 bila kumwambia mtu. Intaneti inafunguka, taa zinawaka, na lawama zote anabebeshwa mtoa huduma.

Mafundi wengi wana ile testa ndogo ya bei poa yenye taa kuanzia moja hadi nane. Ni kifaa kizuri, ila kinadanganyika. Nyaya zinasokotwa mbilimbili, na usokotaji huo ndio unaozuia mwingiliano wa mawimbi. Mpangilio unaotumiwa sana ni chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Fundi mwenye haraka anayepanga kila rangi na mwenzake, ncha zote mbili sawasawa, atapata taa nane safi kwenye testa. Kumbe waya wa tatu na wa sita, zinazotakiwa kuwa jozi moja, zimetoka kwenye misokoto miwili tofauti, na data ikianza kupita kwa wingi inaharibikia njiani.

Zipo mashine za kuthibitisha kebo kitaalamu, za kampuni kama Fluke, lakini bei yake ni maelfu ya dola. Kwa mradi wa benki ni sawa. Kwa mwenye duka la Mtaa wa Aggrey, hukohuko Kariakoo, anayetaka kuunganisha kompyuta tatu na kamera, hiyo ni hadithi.

Njia ya bei nafuu ni kompyuta mpakato mbili na programu ya bure inayoitwa iperf3, inayotunzwa na ESnet, mtandao wa watafiti ulio chini ya maabara ya Lawrence Berkeley huko California. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1984 Mike Muuss, yuleyule aliyeandika programu ya ping, pamoja na Terry Slattery walitengeneza programu ya aina hiyo iliyoitwa ttcp. Kompyuta moja inawekwa ipokee, nyingine inatuma data kwa nguvu zake zote, kisha kasi inasomwa kwenye skrini. Data inatoka kwenye memori, diski haiguswi. Ndiyo maana kipimo hiki kinashinda kunakili filamu kutoka mashine moja hadi nyingine, maana huko kinachopimwa mara nyingi ni uzembe wa diski.

Kwanza kompyuta hizo mbili ziunganishwe moja kwa moja, kwa kebo fupi inayoaminika. Zikifika kama megabiti 940, zenyewe ni nzima. Zile 60 zinazopungua zinaliwa na anwani na vichwa vya pakiti, yaani vipande ambavyo data inasafiri navyo. Kisha swichi inawekwa katikati. Ikibaki 940, inalipiwa. Ikisoma 94, kuna tundu au kebo iliyoshuka hadi megabiti 100. Namba za katikati, tuseme 300, zinataka uangalifu, kwa sababu huenda kosa ni la adapta ya mtandao ya USB 2.0, ambayo ukomo wake ni megabiti 480 na kwa vitendo haifiki hata hapo. Kipimo kirudiwe kwa kubadilishana, aliyetuma apokee, na kiachwe kiende dakika kadhaa.

Wapo wanaopima swichi kwa tovuti za kupima kasi ya intaneti. Hao wanapima safari nzima. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota vibaya Tanzania, na siku hiyo swichi bora kuliko zote mjini ingeonekana mbovu.

Ruta, kile kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na intaneti, ni kesi nyingine. Inaweza kuwa na matundu ya gigabiti na bado ichoke, kwa sababu mara nyingi pakiti zinapita kwenye prosesa yake. Pakiti zikiwa ndogo kabisa, za baiti 64, gigabiti moja ni karibu pakiti milioni 1.5 kwa sekunde. MikroTik ya Latvia inachapisha matokeo ya vifaa vyake kwa pakiti ndogo na kubwa, na mnunuzi anaweza kuyasoma kwenye simu akiwa bado dukani. Wanaoandika kasi moja tu kwenye boksi wanastahili kuulizwa maswali.

Linabaki boksi la kebo la mita 305. Hilo halipimiki kaunta, kwa kuwa ukomo wa gigabiti kwenye shaba ni mita 100. Hapo kinatumika kisu. Ncha ya waya inakwanguliwa: ikitoka nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, hata kama ganda limeandikwa Cat6. Alumini inazuia umeme zaidi ya shaba, mara moja na nusu hivi, tena inakatika upesi ikikunjwa. Kamera inayopewa umeme kupitia kebo hiyo ndefu inaweza kufanya kazi mchana kutwa, kisha usiku taa zake za kuonea gizani zinapoanza kuvuta umeme, inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Kebo ikishapita ukutani, iperf3 iendeshwe tena kwa kila mkia kabla fundi wa jipsamu hajafunga dari.