Kusoma Nota Kuanzie Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa na katekista mbele ya wazazi, siku ya Jubilei ya Jimbo)



Nimeagizwa niseme habari ya nyimbo, kwa kuwa leo tumeimba sana, na kila mtu amefurahi. Mimi nami nimefurahi. Walakini nawauliza neno moja: kati ya watoto waliotuimbia asubuhi, ni wangapi wawezao kushika karatasi ya wimbo wasioujua, wakauimba? Jibu mnalijua. Wamesikia, wakakariri. Kukariri si kubaya. Lakini wimbo ukaao katika kifua cha mtu mmoja huzikwa pamoja naye.

Nayasema haya kwa kuwa yalitupata. Nilipokuwa kijana, kwaya yetu ilikuwa na mwalimu mzee aliyetunga nyimbo nyingi, akaziandika zote katika daftari moja kwa herufi za solfa. Sisi alitufundisha kwa mdomo, tukamfuata. Alipofariki, mjane wake alituletea lile daftari. Tulikuwa waimbaji zaidi ya 20, tukalifungua, tukatazamana. Hapakuwa na hata mmoja ajuaye kulisoma. Tukamrudishia mama, akalitia sandukuni. Miaka 9 ikapita. Nilipokwisha kujifunza nota nilikwenda kuliomba, nikakuta mchwa wamekula nusu yake. Nyimbo 7 tu nilizipata nzima. Zilizosalia zimekwenda, wala hakuna awezaye kuzirudisha.

Basi shauri langu ni hili: mtoto aanze kusoma nota nyumbani, kwa mchezo, kabla hajajiunga na kwaya. Msidhani kazi hii ni ya wenye elimu kubwa. Tangu mwanzo herufi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza. Katika karne ya 11, mmonaki wa Italia, Guido wa Arezzo, alitwaa silabi za mwanzo wa mistari ya utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, akazipa sauti majina: ut, re, mi, fa, sol, la. Miaka mingi baadaye, huko Norwich, Uingereza, mwalimu mwanamke, Sarah Glover, alitengeneza ngazi ya sauti kwa ajili ya watoto. Na mwaka 1841 mchungaji John Curwen aliagizwa na mkutano wa waalimu wa shule za Jumapili atafute njia nyepesi ya kufundisha kuimba. Akaichukua njia ya yule mama, akaitengeneza na kuieneza. Wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni huko Afrika ya Kusini, aliandika nyimbo zake kwa herufi hizi hizi. Na wimbo alioutunga mwaka 1897 ndio ambao sauti yake twaisimamia sisi Watanzania katika wimbo wetu wa taifa. Kama ungalikaa kifuani mwake tu, je, ungalitufikia?

Sasa niwaeleze michezo yenyewe.

Wa kwanza ni ngazi. Chora uani kwa majivu vipandio 8, uviandike toka chini: d, r, m, f, s, l, t, na d ya juu. Kati ya m na f, na kati ya t na d ya juu, acha nafasi ndogo, kwa maana hapo sauti hupanda nusu hatua tu. Usianze na zote. Anza na s na m, kwani hizo mtoto huwa nazo tayari: sikilizeni watoto wanavyoitana kwa mbali, mara nyingi sauti yao hushuka hivyo hivyo. Zikikaa vema, ongeza l, kisha d na r. F na t ziwe za mwisho. Mzazi aimbe, mtoto aruke. Halafu mtoto aruke, mzazi aimbe. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliimba f juu mno, wala sikujua. Binti yangu wa miaka 8, amesimama juu ya ngazi yake, akaniambia, “Baba, umepita kipandio.” Nikaona haya kidogo, nikajifunza.

Wa pili ni mkono wa kimya. Curwen aliweka ishara ya kila sauti: d ni ngumi, r kiganja kimepanda mshazari, m kiganja kimelala, chatazama chini, f kidole gumba chaelekea chini, s kiganja chamtazama mwimbaji, l mkono umening'inia, t kidole cha shahada chaelekeza juu. Mama hasemi neno. Aonyesha mkono, na watoto waimba. Akosaye apokea zamu ya kuonyesha, wala hachekwi.

Wa tatu ni wa punje. Baba apige makofi polepole, kama mchi katika kinu. Mtoto aweke punje moja ya mahindi kwa kila pigo. Likigawanyika mara mbili, aweke kunde mbili badala yake. Penye kimya asiweke kitu. Hivyo ndivyo solfa iandikwavyo: mstari wa wima hutangulia pigo zito, nukta mbili hutenga mapigo, kistari huendeleza sauti, na nafasi tupu ni kimya. Mtoto aliyepanga punje hashangai akiona alama hizo kitabuni.

Wa nne ni wa vidole. Laza mkono wa kushoto mbele ya kifua, utanue vidole: ndiyo mistari 5 ya nota za duara, na nafasi 4 katikati yake. Mwonyeshe mtoto kwamba d ikikaa juu ya mstari, m na s nazo huwa juu ya mistari iliyofuata. D ikikaa katika nafasi, hizo nazo huwa katika nafasi. Kisha gusa kidole, naye aimbe.

Shikeni utaratibu huu: sikio kwanza, mkono pili, jicho mwisho. Mtoto husema kabla ya kusoma. Vivyo hivyo aimbe kabla ya kuonyeshwa herufi. Dakika 10 baada ya chakula cha jioni zatosha, na mchezo uishe watoto wangali wakiutaka. Msimpige mtoto kwa ajili ya nota, asije akauchukia wimbo. Na mzazi asiyejua asione aibu. Ajifunze pamoja nao.

Mtaniambia kwamba siku hizi simu hutunza nyimbo zote. Ni kweli, simu huimba. Lakini haimfundishi mtoto kufungua daftari la babu yake.

Zile nyimbo 7 nimezinakili, na nakala zipo kwa mwalimu wa kwaya. Mwenye kutaka na achukue. Leo jioni, mkifika nyumbani, tafuteni majivu mchore ngazi. Mwanzo s na m zatosha. Tukikusanyika tena mwakani, nitampa mmoja wa watoto wenu wimbo mmoja katika hizo ambao hajausikia, nasi sote tutanyamaza tumsikilize.