Leseni ya Runinga Ikiisha, Mtazamaji Naye Asikilizwe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi na vikundi vya raia)



Nimeombwa nizungumze juu ya kituo cha runinga kinachotangaza huku kwetu, ambacho muda wa leseni yake unakaribia kwisha. Naijua hasira iliyomo humu ukumbini. Wengi wenu mlikuwako vibanda vya soko vilipobomolewa alfajiri, na jioni yake mkaketi mbele ya runinga mkamwona afisa akieleza kwamba wachuuzi walihama kwa hiari yao. Hakuna muuza mboga hata mmoja aliyeulizwa neno. Mimi pia niliitazama taarifa ile hadi mwisho, kisha nikazima chombo nikatoka nje kupunga hewa. Basi nimesikia shauri linalopita mdomo hadi mdomo: tuiandikie serikali ili kituo hicho kinyimwe leseni, kifungwe, nasi tupumue.

Nimekuja kuwasihi msiiandike barua hiyo. Iko barua nyingine tunayopaswa kuiandika, nayo ni ngumu zaidi. Ili mnielewe, niruhusuni niwapeleke mbali kidogo, hadi mji wa Jackson katika jimbo la Mississippi kule Marekani, ambako watu wanyonge kuliko sisi waliipinga leseni ya kituo cha runinga, na baada ya miaka mingi wakashinda.

Kituo hicho kinaitwa WLBT. Kilianza kutangaza mwaka wa 1953, kikimilikiwa na kampuni ya bima ya Lamar Life. Watazamaji wake, karibu nusu yao walikuwa watu weusi. Lakini mgeni aliyekaa mbele ya runinga ile mwezi mzima asingedhani kwamba mtu mweusi anaishi Mississippi, ila pengine kama mshtakiwa. Mwaka wa 1955 mtandao wa taifa ulileta kipindi kilichomshirikisha wakili Thurgood Marshall, mtetezi mkuu wa chama cha haki za watu weusi, NAACP. Mara picha ikakatika, na mahali pake pakatokea maandishi ya kuomba radhi kwamba waya una hitilafu. Waya haukuwa na hitilafu yoyote. Hitilafu ilikuwa ni Marshall.

Jina hilo tulishike, kwa maana ni la mtu aliyetufaa sisi pia. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1960, Thurgood Marshall huyo huyo alikwenda London kuwashauri wajumbe wetu Waafrika katika mkutano wa Lancaster House, akaandika rasimu ya haki za kimsingi kwa ajili ya Kenya. Mtu ambaye runinga ya Jackson ilimziba mdomo ndiye aliyeitwa kutufikiria haki zetu.

Wala huo si uzi pekee unaotuunganisha na mji ule. Kiongozi wa NAACP katika Mississippi alikuwa kijana mmoja jasiri, Medgar Evers. Mwanawe aliyezaliwa mwaka wa 1953, mwaka ambao mzee wetu alihukumiwa Kapenguria, alimpa jina la Kenyatta. Evers aliomba mara kwa mara apewe nafasi ya kuwajibu wabaguzi waliotawala runinga. Aliipata tarehe 20 Mei 1963, baada ya meya wa mji kuhutubia kwenye kituo hicho hicho. Alisema kwa muda usiofika hata nusu saa, kwa utulivu, akawakumbusha watazamaji kwamba mtu mweusi wa Jackson anaziona habari za mataifa mapya ya Afrika na anajua Waafrika wanafanya kazi ambazo yeye amekatazwa kwao. Kabla ya mwezi kupita, tarehe 12 Juni, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake akafa.

Leseni za runinga nchini Marekani wakati huo zilitolewa kwa miaka mitatu mitatu na tume iitwayo FCC. Leseni ya WLBT ilipokaribia kwisha mwaka wa 1964, kasisi mmoja wa Kanisa la Muungano la Kristo, Everett Parker, aliungana na wenyeji wawili, Aaron Henry na Mchungaji Robert L. T. Smith, kuipinga isifanywe upya. Huyu Smith aligombea kiti cha Bunge mwaka wa 1962, na akasumbuka sana hata kupata muda wa kujieleza kwenye runinga, ijapokuwa alikuwa tayari kuulipia.

Sasa tazameni walivyofanya, maana hapa ndipo penye mafunzo. Hawakuanza kwa maandamano, wala kwa kupeleka malalamiko matupu. Waliwatafuta watu wa kujitolea, wakawafundisha namna ya kuandika kumbukumbu, na kwa juma zima mwezi wa Machi 1964, kuanzia kituo kinapofungua asubuhi hadi kinapofunga usiku, watu hao waliketi katika nyumba za faragha wakaandika kila kilichoonyeshwa: dakika ngapi za habari, nani alisema, nani hakusema. Waliofanya kazi hiyo walikuwa Wazungu wa mji huo huo, na majina yao yalifichwa, kwa kuwa yangejulikana wangedhurika.

Katika malalamiko yao mlikuwa na jambo moja ambalo huenda Mmarekani akaliona dogo, nasi hatuwezi kuliona dogo. Mtu mweusi aliyetajwa hewani hakupewa heshima ya jina. Mzungu aliitwa Bwana Fulani au Bibi Fulani. Mwalimu mweusi mwenye mvi, mama wa watoto na wajukuu, aliitwa kwa jina lake tupu kama anavyoitwa mtoto wa kutumwa dukani. Nani kati yenu angekubali mgeni aingie sebuleni mwake kila jioni amwite babake hivyo? Na runinga ni mgeni wa sebuleni.

Tume ilijibuje? Mwaka wa 1965 ilikiri kwamba yako mambo ya kutilia shaka, kisha ikakipa kituo leseni ya mwaka mmoja kwa masharti. Ama walalamikaji, waliambiwa hawana haki ya kusikilizwa. Kwa desturi ya tume, aliyeweza kupinga leseni alikuwa mwenye kituo kingine anayeingiliwa masafa yake, au mfanyabiashara anayepata hasara. Mtazamaji si mwenye masafa wala si mfanyabiashara. Basi yeye si mtu.

Walikwenda mahakamani. Mwezi wa Machi 1966 Mahakama ya Rufani mjini Washington ilitoa uamuzi ulioandikwa na Jaji Warren Burger. Burger hakuwa mwanamageuzi. Alikuwa mtu wa mrengo wa kihafidhina, ambaye Rais Nixon alimteua baadaye kuwa Jaji Mkuu wa nchi nzima. Lakini alieleza jambo lililo wazi kama mchana: mwenye gazeti aweza kuliendesha apendavyo, ila mwenye kituo cha utangazaji amepewa mali ya umma aitumie bure, na amepewa kwa amana. Aliyeweka amana ana haki ya kuuliza inatumikaje. Tume iliamriwa iwasikilize watazamaji.

Tume ilisikiliza kwa shingo upande. Iliwatwika walalamikaji mzigo wote wa kuthibitisha, ikawatendea kama wadukizi, na mwaka wa 1968 ikakirudishia kituo leseni ya miaka mitatu. Mnamo Juni 1969, katika uamuzi wake wa mwisho kabla ya kupanda cheo, Burger aliifuta leseni ile. Mwaka wa 1971 kituo kikakabidhiwa shirika lisilo la faida, lenye weusi na weupe, kikiendelea kutangaza bila kuzimwa. Mwaka uliofuata William Dilday akawa meneja mkuu, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika cheo hicho katika kituo cha runinga.

Nimerefusha kisa hiki kwa sababu moja. Wenye hasira miongoni mwetu watasema: kumbe kunyang'anya leseni kunafaa! Nami nasema, angalieni ni nani aliyenyang'anya, na kwa njia gani. Si waziri aliyeamka vibaya. Wananchi walileta ushahidi wa maandishi, mwenye kituo akajibu, mahakama ikapima, na sauti ya WLBT haikunyamaza hata siku moja. Kilichobadilika ni mikono iliyoishika.

Sisi tunaijua njia nyingine. Mfumo wa chama kimoja ulituachia sauti moja ya serikali, na hata runinga ya kwanza ya kibinafsi, KTN, ilipoanza mwaka wa 1990, ilitoka katika jumba la gazeti la chama tawala. Katika miaka ya tisini kibali cha kutangaza kilikuwa zawadi: aliyependwa alikipata, asiyependwa alisubiri barua isiyokuja. Na msidhani tabia hiyo ilizikwa pamoja na karne ile. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokuwa akila kiapo Uhuru Park, serikali ilizima mitambo ya Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu iliamuru irudishwe, na bado zikapita siku kadhaa vioo vikiwa vyeusi. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano mubashara, na vingine vikakatwa, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia siku hiyo hiyo.

Mkono uliofanya hayo ndio mnaotaka kuuandikia barua? Ukizoea kufunga kituo kwa ombi lenu, utafunga na kile mnachokipenda, tena utawaonyesha sahihi zenu kuwa ndizo zilizouomba.

Twendeni kwenye Katiba yetu ya 2010. Ibara ya 34 inasema vyombo vya utangazaji vina uhuru wa kuanzishwa, na kwamba utaratibu wa leseni uwe tu ule unaohitajika kusimamia mawimbi na usambazaji wa matangazo, tena usiwe chini ya serikali, wala wanasiasa, wala wafanyabiashara. Someni maneno hayo ya mwisho mara mbili. Wafanyabiashara nao wametajwa. Bwenyenye anayenunua kituo ili kulinda mashamba yake hana haki zaidi ya waziri. Kwa hiyo Katiba haimwambii mwenye kituo "leseni ni yako milele", na haimwambii waziri "leseni ni yako ugawe". Kati ya hao wawili pana nafasi, na nafasi hiyo ni ya mtazamaji, ikiwa atajitokeza kuikalia.

Mlango upo, ijapokuwa ni mwembamba. Maombi mapya ya leseni yanapofika, Mamlaka ya Mawasiliano hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali na kuwapa wananchi siku 30 za kutoa maoni yao. Wangapi humu wamewahi kulisoma tangazo hilo? Sioni mkono. Husomwa na mawakili wa vituo. Desturi hiyo ya kuuliza umma ndiyo tunayopaswa kuitaja katika barua yetu na kuidai iheshimiwe leseni ya kituo hiki itakapofanywa upya.

Barua yenyewe iseme nini? Isiseme kifungwe. Iseme kwamba kituo hiki kinatumia mali yetu, na kwa juma zima tumekitazama, na haya ndiyo tuliyoyaona. Iombe kabla leseni haijafanywa upya mwenye kituo aitwe mbele ya wakazi aeleze kwa nini muuza mboga hana mdomo katika habari zake, na masharti yawekwe ambayo tutaweza kuyapima. Nakala apelekewe mwenye kituo siku ile ile inapopelekewa Mamlaka, asije akasema tulimsengenya. Yamkini atajirekebisha kabla ya kuitwa. Nami nitafurahi, hata kama hakuna atakayetushukuru.

Najua kazi ya kutazama inachosha. Kuna vipindi vya nje vilivyorudiwa mara kumi, na matangazo ya sabuni yasiyokwisha. Andikeni hivyo pia, maana saa ya sabuni ni saa ambayo mtaa wetu haukutajwa. Andikeni na yale mazuri: kijana mwandishi aliyekuja wakati wa mafuriko akasimama na watu majini, atajwe kwa sifa. Ushahidi wa upande mmoja utatupwa, na unastahili kutupwa.

Katibu ana karatasi pale mlangoni. Kila karatasi ina mistari ya saa, jina la kipindi, aliyezungumza, cheo chake, na alivyoitwa. Tutaanza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza Jumapili usiku, kila mtu zamu ya saa tatu. Asiye na runinga aandikishwe pamoja na jirani aliye nayo, na aliye nayo aseme sasa, kabla hatujatoka, kama mlango wake utakuwa wazi.