Nazi Moja, Chunguni na Mwilini
Pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, nazi moja iliyokunwa kwa mbuzi huunga mboga ya familia na kubakiza cha kujipamba. Tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, hupikia mchicha, nyanya na kitunguu. Tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka, lisije likakatika.

Machicha ya nazi hiyo yasitupwe! Yakiwa bado mabichi, huchanganywa na manjano kidogo, yakasuguliwa taratibu mikononi na miguuni, kisha mwili ukaoshwa.

Ndimu kwenye mchanganyiko huo, hapana. Maji yake yakikaa kwenye ngozi inayopigwa na jua, huweza kuibabua, yakaleta malengelenge na mabaka meusi yanayodumu wiki kadhaa. Mtoto akimwagikiwa, aoshwe kwa sabuni kabla hajatoka nje kucheza.