Ramani Ndani ya GPS ya Mkononi

Msikilizaji, GPS ya mkononi haihitaji mtandao wa simu porini, lakini ramani iweke mapema, ungali mjini. Kwa vifaa vya Garmin, unganisha na kompyuta kwa waya wa USB. Faili la ramani, lile linaloishia na img, liweke kwenye folda iitwayo Garmin. Ramani za OpenStreetMap hupatikana bure, na nyingi zinatosha kabisa. Usichomoe waya kabla kompyuta haijaruhusu, faili linaweza kuharibika.

Sasa hili, wengi hulisahau. Ramani nyingi za zamani za karatasi za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa marejeo ya ramani (datum) uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia mfumo wa WGS 84. Tofauti ya mahali kati ya mifumo hiyo miwili hufikia takriban mita 300. Rekebisha mpangilio wa datum kwenye GPS ulingane na ramani yako kabla hujapima mpaka wa shamba la mtu.